Daudi Kabaka wa Harambee Harambee: alikuwa mwimbaji wa uzalendo kweli au ni redio ndo ilimfanya?

#1 SanturiYaMjomba
Wadau salaam. Kuna kitu kinanisumbua siku nyingi, nataka tukijadili hapa bila matusi. Daudi Kabaka. Ukimtaja kwa Mkenya yeyote aliyekula chumvi za kutosha anakujibu "ah, yule wa Harambee Harambee" na stori inaishia hapo. Ule wimbo ulipigwa sana VoK, redio ya serikali, tangu 1963, ukawa unaenda sambamba na mambo ya habari mpaka sisi watoto wa wakati ule tukaamini ni mali ya redio, hatukujua kuna mtu alikaa akautunga. Sasa chukua kazi zake zingine uzisikilize moja moja, Helule Helule, Msichana wa Elimu, Western Shilo, Pole Musa. Mle ndani ni mapenzi, mabinti, mambo ya nyumbani na watu kucheza twist. Hoja yangu: Kabaka hakuwa mwimbaji wa uzalendo, redio ya serikali ndo ilimvisha hilo koti na wimbo mmoja ukameza zingine zote. La pili, kama ulipigwa miaka yote hiyo, yeye mwenyewe ulimwingizia nini mfukoni? Karibuni.

#2 BintiMoro
Nipo mtoa mada, nasoma. Mada za muziki wa zamani humu huwa hazina wachangiaji wa mzaha.

#3 MzeeWaKawangware
Mtoa mada rekebisha hapo kwa tarehe. 1963 hakukuwa na kitu kinaitwa VoK. Ilikuwa Kenya Broadcasting Corporation, serikali ikaichukua 1964 ndo ikapewa jina la Sauti ya Kenya, halafu 1989 ikarudi kuwa KBC. Tukiongea historia tuongee ikiwa imenyooka.

Na hilo la koti silikubali. Nyinyi hamkuwepo. Madaraka ilikuja tarehe 1 Juni 1963, Mzee Kenyatta akatoa mwito wa harambee, Disemba 12 bendera ikapanda. Mwaka ule kila aliyekuwa na gitaa aliimba uhuru, hata walevi wa Kariokor waliimba uhuru. Kabaka alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nchi yake inazaliwa mbele ya macho yake, unataka aimbe nini? Hakutumwa na redio. Alifurahi kama sisi wengine. Mtu anaweza kuimba msichana Jumatatu na nchi yake Jumanne na zote zikatoka moyoni.

#4 Dogo_Umoja
Wazee naomba mnisamehe, mimi ni wa 2001, huyu Kabaka namjulia hapa. Kabaka ninayemjua ni mfalme wa Baganda. Ni nani hasa na alikuwa na bendi gani?

#5 NyotaYaMagharibi
@Dogo_Umoja umezaliwa mwaka ule ule aliotutoka, Novemba 2001. Februari ya mwaka huo alikuwa ametangulia Fadhili William wa Malaika, kwa hiyo 2001 tulipoteza wawili wa kikosi kimoja.

Kwa kifupi, Kabaka ni Mluhya wetu, alizaliwa upande wa Uganda 1939. Alianza kurekodi miaka ya hamsini, halafu akawa nguzo ya Equator Sound Studios hapa Nairobi, studio ya Mzungu mmoja Charles Worrod. Studio ilikuwa na bendi yake, Equator Sound Band, na ukisoma majina unashangaa hawa watu walikaaje chumba kimoja: Kabaka, Fadhili William, Gabriel Omolo aliyekuja kutikisa na Lunch Time, na Wazambia wawili, Nashil Pichen Kazembe na Peter Tsotsi Juma. Huyu akiimba yule anapiga, kesho wanabadilishana. Watu walimwita mfalme wa twist. Hilo la mwimbaji wa taifa lilikuja juu ya hilo la mfalme wa twist, halikuja kabla, na hapo naona mtoa mada ana pointi.

#6 MwanaWaMengo
Na sisi wa Uganda tuna haki yetu kwa huyu mzee jameni. Kabaka Daudi Chwa alifariki Novemba 1939. Mtoto kazaliwa Uganda mwaka huo huo anaitwa Daudi Kabaka. Mnahitaji mpigiwe ngoma ndo muelewe jina lilitoka wapi?

#7 MzeeWaKawangware
@MwanaWaMengo hesabu yako ni tamu ila kina Daudi wako tele kwenye Biblia kabla ya Chwa. Mchukue jina, wimbo mtuachie.

#8 KijanaWaLikoni
Mnasahau kubwa kuliko zote. Helule Helule ilichukuliwa na Mabitozi wa Uingereza wale Beatles wakaiimba ikaenda dunia nzima. Mtu wa namna hiyo unamwita wa uzalendo kwani ni mwalimu wa kwaya?

#9 NyotaYaMagharibi
@KijanaWaLikoni sio Beatles, ni Tremeloes. 1968, ikafika namba 14 kwenye chati za Uingereza. Ila kuna undugu wa kisa hapo, Tremeloes ndo wale kampuni ya Decca iliwachukua 1962 ikawaacha Beatles. Miaka sita baadaye wanaimba twist ya Mluhya.

#10 KijanaWaLikoni
Sawa Tremeloes, hoja imesimama pale pale. Wimbo umeenda Ulaya, huku nyumbani tunamkumbuka kwa ule wa kabla ya habari.

#11 FundiMitambo
Niongelee la pesa maana naona mnalizunguka.

Mjomba wangu alipiga besi bendi moja ya Nairobi miaka ya sabini, wakawa wanarekodi kwenye studio ambayo sitaitaja. Alivyotusimulia ni hivi, mnaingia asubuhi mmeshafanya mazoezi nyumbani maana ukikosea mnarudia wimbo mzima toka mwanzo, hakuna kukata na kuunganisha. Nyimbo mbili, upande huu mmoja na upande wa pili mwingine, kila mmoja dakika tatu hivi kwa sababu santuri ndogo haibebi zaidi. Mkimaliza mnasaini kitabu, mnapewa pesa taslimu, mnagawana pale pale kwenye ngazi kabla hamjafika barabarani. Basi. Santuri iuze kumi au elfu kumi, hesabu yako wewe imefungwa siku ile. Alipofariki tulikuta santuri moja kwenye sanduku lake imefungwa na gazeti, katikati pale kuna jina la bendi na jina la mtunzi, la kwake halipo.

Sisemi Kabaka alifanyiwa hivi hivi. Nasema huo ndo ulikuwa utaratibu wa soko lote, na mtu asidhani wimbo kusikika kila siku maana yake ni pesa kila siku. Waliouza wimbo waliuza, redio ikapiga.

#12 Kerani_Mstaafu
@FundiMitambo umesema vizuri lakini umelenga upande mmoja. Redio nayo ilikuwa mteja wa aina gani? Wakati ule msanii alikuwa anaomba apigwe redioni, bila redio santuri haitoki dukani. Kwa hiyo akipigwa anashukuru, nani angeenda kudai? Chama cha kukusanya mirabaha, MCSK, kimeanzishwa 1983. Harambee Harambee ilishakuwa na miaka ishirini hewani. Tatizo naliona kwenye mfumo zaidi kuliko kwa Mzungu wa studio.

#13 BintiMoro
Wakenya acheni niwaletee ya huku maana inafanana na haifanani.

Kwetu RTD, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam, ilikuwa redio na studio kwa pamoja. Kiwanda cha santuri hatukuwa nacho, bendi inaenda pale Pugu Road inarekodi, wimbo unapigwa nchi nzima, ukitaka santuri unavuka mpaka kwenda Nairobi. Na bendi nyingi zilikuwa za taasisi. NUTA Jazz ya 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, kulikuwa na za polisi, za jeshi, za JKT. Mwanamuziki ni mwajiriwa ana mshahara. Azimio la Arusha likitoka 1967 bendi inatunga, chama kikiwa na sherehe bendi inatunga, vita ya Kagera bendi inatunga, ndo kazi waliyoajiriwa. Sasa huyo ukimwita mwimbaji wa uzalendo nakuelewa, analipwa kwa huo uzalendo.

Kabaka alikuwa wa soko. Hakuna aliyemlipa mshahara wa kuipenda nchi. Ndo maana mimi naona wimbo wake una uzito zaidi kuliko za kina sisi, na nalisema hilo nikiwa Mtanzania.

#14 MzeeWaKawangware
Leo nimeishi kuona Mtanzania anasifu cha Kenya kwenye muziki. Binti ubarikiwe, na wenzako wasikuone.

#15 Mtu_wa_Mazimbu
@BintiMoro unatoka Moro halafu unamsahau Salum Abdallah? Cuban Marimba haikuwa ya taasisi yoyote. Mzee aliimba uhuru wa Tanganyika, aliimba TANU, na wakati huo huo aliimba mapenzi mpaka watu wanalia, na alirekodi lebo ya Mzuri ya pale Mombasa. Alikufa kwa ajali 1965, uhuru hata haujatimiza miaka mitano. Na leo anakumbukwa kwa yote mawili. Kwa hiyo mtoa mada nadharia yako ya wimbo mmoja kumeza zingine haifanyi kazi kila mahali, lazima kuna sababu nyingine ya Kenya.

#16 BintiMoro
Sijamsahau babu yangu Salum Abdallah, nilikuwa naongelea za taasisi. Ila umeongeza kitu.

#17 Katangais_243
Jambo wandugu. Mimi niko Lubumbashi. Sisi huku tuko na Indépendance Cha Cha, Kabasele na African Jazz waliipiga Brussels mwezi wa kwanza 1960, wakati wanasiasa wetu walikuwa kule kwenye ile Meza ya Duara kuomba uhuru. Redio ikaipeleka Afrika mzima, ata kwenye inchi zenye hazikujua Lingala. Lakini hakuna mtu huku anasema Kabasele ni mwimbaji wa wimbo moja. Yeye ni Grand Kallé, baba ya rumba. Minaona sababu ni hii, Kabasele alikuwa na bendi yake yenye jina na watoto ya muziki wenye walitoka kwake wakamusifu mpaka leo. Kabaka wenu alikuwa ndani ya bendi ya studio. Studio ikikufa nani anabaki kukuhadisia?

#18 NyotaYaMagharibi
Katangais hapo umegonga. Equator ilipoisha nguvu wale watu walitawanyika. Nashil Pichen alirudi kwao akawapa Wazambia A Phiri Anabwela ambayo mpaka leo inapigwa kule. Fadhili akaenda Marekani miaka mingi. Hakuna shule iliyobaki na jina la Kabaka.

#19 Mpiga_Solo_Kaka
Mimi ni mpiga gitaa wa Kakamega, hizi nyimbo nazipiga harusini mpaka leo kwa hiyo niwaambie kinachotokea kwenye mikono.

Huku kwetu kulikuwa na gitaa la omutibo, George Mukabi ndiye alilitia sukari kabla hajafa 1963. Gitaa moja kavu, kidole gumba kinatembeza besi huku vingine vinaimba juu, na pembeni mtu anakwaruza chupa ya Fanta, ile ya zamani yenye mistari mistari, kwa kipande cha chuma, ndo ngoma yenyewe. Twist ya akina Kabaka imechukua hiyo miguu ikaivalisha umeme, ikachanganya na kwela ya Afrika Kusini. Gitaa la rithimu linakata fupi fupi, besi inatembea, sauti mbili zinaimba sambamba moja juu ya nyingine kidogo. Ukiwa umekaa mguu unaanza wenyewe.

Sasa sikiliza Harambee Harambee ukiondoa maneno. Ni twist ile ile! Hakubadilisha mtindo kwa sababu anaimbia serikali, hakuleta tarumbeta wala mwendo wa gwaride. Kuna nyimbo za taifa nyingi za miaka ile zimekufa kwa sababu zilikuwa hotuba zenye gitaa. Huu watu waliucheza, na redio ikaupenda kwa sababu watu wameshaupenda. Mtoa mada umegeuza mambo, redio ilifuata watu.

#20 Kerani_Mstaafu
Watu wangejuaje bila redio kuupiga kwanza? Kijijini kwetu santuri player ilikuwa moja, ya mwenye duka. Redio ndo zilikuwa nyumba kwa nyumba, tena betri zikichoka tunaanika juani zirudi nguvu kidogo tupate habari za jioni. Wimbo tulioujua ni wimbo uliotoka mle ndani. @Mpiga_Solo_Kaka unaongelea mjini.

#21 Mpiga_Solo_Kaka
Mimi ni wa Khayega mzee, mjini gani. Kwetu nyimbo zilikuja na vijana wakirudi Krismasi kutoka Nairobi na magitaa.

#22 MamaWawiliThika
Na mimi niseme langu. Nilisoma miaka ya Nyayo, enzi za Moi. Tukiulizwa nyimbo za kizalendo hakuna aliyemtaja Kabaka, tulitaja kwaya. Tawala Kenya Tawala ya Thomas Wasonga, Wimbo wa Historia wa Enock Ondego, na kwaya ya Muungano ya Boniface Mganga. Tuliziimba paredi kila wiki mpaka leo nikiamshwa usiku naweza kuimba Wimbo wa Historia beti zote. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, lile la mtangazaji Mambo Mbotela kulazimishwa kutangaza, mimi nakumbuka kwaya redioni zikawa nyingi zaidi.

Kwa hiyo kuna uzalendo wa aina mbili hapa mnauchanganya. Wa 1963 ulikuwa wa jamaa wawili na gitaa. Wa baadaye ulikuwa wa watu mia wamevaa sare uwanjani. Serikali ilipopata kwaya haikuhitaji tena mtu wa gitaa. Kabaka alibaki na wimbo lakini nafasi ikachukuliwa.

#23 SanturiYaMjomba
@MamaWawiliThika hii sikuwa nimeifikiria na inanipa nguvu. Kama nafasi ilichukuliwa, mbona wimbo wake haukutolewa hewani? Ulibaki. Wimbo ukabaki, mwenyewe akaondolewa. Ndo ninachosema, ulikuwa umeshakuwa wa redio.

#24 Shabiki_wa_Benga
Jamani mnatafuta mchawi mbali. Twist iliangushwa na benga, muziki wa gitaa wa Wajaluo. Miaka ya sabini D.O. Misiani na bendi yake ya Shirati wameingia, Wakongo wameingia Nairobi na rumba yao, vijana wakahama. Mfalme wa twist bila twist ni nani? Hapakuwa na serikali wala studio hapo, soko lilibadilika. Omolo aliponea kwa sababu Lunch Time ilitoka kwa wakati wake. Watu wakabaki na ule wimbo mmoja wa Kabaka uliokuwa bado unapigwa mahali, na mahali penyewe ni redio ya serikali.

#25 MpwaniHalisi
Wa bara mnajadiliana kama Pwani hatupo. Fundi Konde, mtu wa Kilifi, alikuwa kwenye kikosi cha burudani cha KAR, jeshi la mkoloni, vita vya pili vya dunia. Kazi yake ilikuwa kuwaimbia askari wa Mfalme. Kama ni kuimbia dola basi yeye ndo alianza. Na akarudi akaimba Tausi Ndege Wangu, akafa 2000, na hakuna anayemwita mwimbaji wa jeshi. Anaitwa Fundi Konde basi. Mtoa mada hilo unalielezaje?

#26 MzeeWaKawangware
Alimwimbia Mfalme wa Uingereza, nani angetaka kumkumbusha hilo baada ya uhuru? Kabaka aliimbia nchi yake ikiwa huru. Sio sawa.

#27 MpwaniHalisi
Mzee unajibu haraka sana. Mimi nauliza kwa nini mmoja kazi yake ya dola ilisahaulika na mwingine ikabaki peke yake.

#28 Wakili_Mdogo
Naomba kuingia kwenye la mirabaha, ni fani yangu kidogo. Kuna vitu viwili watu wanavichanganya. Kuna utunzi, yaani maneno na sauti za wimbo, na kuna rekodi, ile sauti iliyonaswa studio. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001, utunzi unalindwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Kabaka amefariki 2001, kwa hiyo tungo zake zinalindwa mpaka mwisho wa 2051. Rekodi inalindwa miaka 50 tangu ilipofanywa, maana yake rekodi za miaka ya sitini zimeshatoka kwenye ulinzi.

Kwa hiyo redio ikiupiga leo, mwenye rekodi hana cha kudai, mwenye utunzi anacho. Swali ni nani mwenye utunzi. Kama mtunzi alisaini kuhamisha haki zake kwa kampuni basi karatasi ndo inaongea, kama hakusaini basi ni familia. Yale ya mjomba wa @FundiMitambo, kupewa pesa na kusaini kitabu, inategemea kitabu kiliandikwa nini juu.

#29 FundiMitambo
Hakuna aliyesoma juu wakili. Wengine hata Kiingereza chenyewe hawakijui, na njaa iko mlangoni.

#30 Dogo_Umoja
Nimesikiliza zote mlizotaja tangu jana. Msichana wa Elimu ni moto. Kwani Malaika nayo si ya hii studio? Naona Fadhili alirekodi hapo.

#31 Mtu_wa_Mazimbu
Dogo usiguse Malaika. Hapa Tanzania tunasema mtunzi ni Adam Salim, Kenya wanasema ni Fadhili, tutakesha.

#32 MzeeWaKawangware
Malaika ni ya Fadhili. Nimemaliza.

#33 BintiMoro
Haya yameanza. Fungueni uzi wake, huu ni wa Kabaka.

#34 SanturiYaMjomba
Asanteni, mmeniongezea. Bado nasimama kwamba redio ndo ilichagua. @Mpiga_Solo_Kaka anasema watu walichagua, @Shabiki_wa_Benga anasema soko, @MamaWawiliThika anasema kwaya. Kwangu zote zinapita mlango mmoja, kwa sababu ni redio moja tu iliyokuwepo na iliamua nini kisikike na nini kiachwe kabatini. Helule Helule haikuwa mbaya kuliko Harambee.

#35 Mpiga_Solo_Kaka
Helule Helule niliisikia redioni mara nyingi tu, tena kwenye kipindi cha salamu. Hilo la kabatini umeliongeza wewe.

#36 Kerani_Mstaafu
Nani hapa ana santuri yenyewe ya Harambee Harambee, ile ya mwanzo? Atazame katikati pameandikwa nani mtunzi na nani mchapishaji, halafu aweke picha hapa. Wakili atusaidie kusoma.

#37 MamaWawiliThika
Shangazi yangu Kisumu ana kreti nzima za Equator, sijui kama hiyo imo. Nitampigia jioni nimuulize. Wakili, mbali na jina la mtunzi, nimwambie atafute nini kingine?

#38 Wakili_Mdogo
Jina la mchapishaji likiwa tofauti na la mtunzi, na namba ya santuri. Apige picha pande zote mbili, upande wa pili huwa na mtunzi mwingine.